Kupima springi inavyovutika na inavyorudi

Ukining'iniza kitu kizito kwenye springi, springi hurefuka, ukikiondoa, hurudi. Hilo analijua hata mtoto aliyewahi kuchezea kalamu ya kubonyeza. Lakini yako maswali ambayo macho matupu hayatoshi kuyajibu. Inarefuka kiasi gani kwa kila kiasi cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma? Inaendelea kwa mwendo huohuo hadi wapi? Na inaporudi, inafika palepale ilipokuwa au inaishia njiani?

Swali la tatu ndilo ninalolijali zaidi, na ndilo linaloachwa mara nyingi. Nimewaona wanafunzi wakiongeza mzigo, wakisoma rula, wakichora mstari mzuri, kisha wakifungasha vifaa. Nusu ya jaribio imebaki mezani. Kuvutika peke yake hakukifanyi kitu kiwe nyumbufu, maana hata udongo wa mfinyanzi unavutika. Unyumbufu uko kwenye kurudi. Kwa hiyo katika mwongozo huu, kila kitu tutakachopima tukiongeza mzigo, tutakipima tena tukiupunguza.

Kwanza, hesabu kani zote

Kabla ya kugusa vifaa, elewa jambo moja. Kani moja peke yake ikikisukuma kitu kilicho huru, kitu hicho kitaanza kwenda. Ili kitu kitulie mahali pamoja huku umbo lake likibadilika, lazima kani ziwe mbili au zaidi. Springi iliyoning'inizwa inavutwa chini na mzigo na wakati huohuo inavutwa juu na ndoano. Hii ya juu husahaulika kwa sababu ndoano imetulia tu, haionekani kufanya kazi. Ukitaka ikuthibitishie kazi yake, ing'oe ukutani: springi na mzigo vitaanguka pamoja, na springi itajikunja irudi kwenye urefu wake ikiwa bado hewani.

Kuna swali linalopima kama jambo hili limeeleweka. Watu wawili wanashika ncha mbili za springi, kila mmoja anavuta upande wake kwa nyutoni 5 (nyutoni ni kipimo cha kani). Je, springi itarefuka kama iliyovutwa kwa nyutoni 5 au 10? Wengi hujibu 10. Jibu ni 5. Ukiifunga ncha moja ukutani na mtu mmoja akavuta kwa nyutoni 5, ukuta nao unavuta kwa nyutoni 5 upande wa pili, na springi haina namna ya kujua kama huko nyuma kuna mtu au kuna ukuta.

Kani hubadilisha umbo kwa njia nne: kuvuta, kukandamiza, kupinda na kusokota. Mara nyingi njia hizi huchanganyika. Ukipinda rula, upande wa nje wa mkunjo unavutwa na upande wa ndani unakandamizwa. Springi yenyewe ina siri yake. Chukua waya mwembamba wa chuma ulionyooka uuvute kwa mikono miwili. Hutaona urefuko wowote. Uzungushe waya huohuo kwenye penseli hadi uwe springi, kisha uvute tena, nao utarefuka kwa urahisi. Chuma hakijalainika. Unapovuta springi, waya wake karibu haurefuki kabisa. Unasokotwa kidogo kidogo katika kila duara, na misokoto hiyo midogo ikijumlishwa ndiyo inayoonekana kama urefuko mkubwa.

Vifaa

Tafuta springi ya kuvuta, stendi imara yenye kibano au msumari uliotoka kwenye mbao, rula yenye milimita, pini, utepe wa kunatisha, karatasi ya grafu, na mawe ya mizani ya gramu 100 kila moja. Usipokuwa na mawe ya mizani, chupa ndogo ya plastiki inatosha kabisa: mililita 100 za maji zina tungamo (kiasi cha maada) la gramu 100. Ning'iniza chupa tupu kwanza, na urefu wa springi ikiwa na chupa tupu uwe ndio mwanzo wako. Hapo uzito wa chupa na kamba yake hautakuharibia hesabu ya ugumu wa springi.

Weka kitambaa kinene chini ya mzigo na uvae miwani ya kinga. Springi iliyovutwa ina nishati ndani yake, na ikichomoka kwenye ndoano huruka kuelekea usoni, kwa sababu uso ndio ulio karibu wakati wa kusoma rula.

Hatua za kupima

1. Simamisha stendi na uweke kitu kizito juu ya kitako chake. Stendi inayoinama kidogo kila unapoongeza mzigo itakupa urefuko ambao si wa springi.

2. Ning'iniza springi. Bandika pini kwenye ncha ya chini, ilale kama mshale. Simamisha rula wima karibu na pini bila kuigusa, sifuri ikiwa juu, usawa wa mwanzo wa springi.

3. Soma urefu wa mwanzo. Shusha jicho hadi liwe usawa mmoja na pini. Jicho likiwa juu au chini ya pini, utasoma alama isiyo yake, na kosa la milimita 2 au 3 huingia hapo bila wewe kujua.

4. Ongeza gramu 100 ukiwa umeushika mzigo, uushushe polepole hadi springi iubebe yenyewe, kisha uuachie. Usiudondoshe. Mzigo ulioachiwa ghafla hushuka karibu mara mbili ya urefuko utakaobaki baada ya springi kutulia. Ukidondosha gramu 500, kwa muda mfupi springi imevutika kama iliyobebeshwa karibu kilo 1. Springi nyingi za maabara huharibika kwa njia hii, na aliyeziharibu hajui.

5. Subiri itulie, soma, andika. Rudia hadi gramu 500.

6. Sasa punguza gramu 100 kila mara, ukisoma na kuandika katika safu ya pili kando ya ile ya kwanza.

7. Ondoa mzigo wote, soma urefu, ulinganishe na ule wa hatua ya 3.

Kama safu mbili zinafanana ndani ya milimita 1 na urefu wa mwisho ni sawa na wa mwanzo, springi yako ilikuwa ndani ya mipaka yake muda wote. Kama hazifanani, usirekebishe namba ili zifanane. Hiyo tofauti ni habari, na tutaifuata baadaye.

Kutoka gramu hadi nyutoni, kutoka urefu hadi urefuko

Mawe ya mizani yanakupa tungamo. Springi inahisi kani. Juu ya uso wa dunia kila kilo 1 huvutwa chini kwa nyutoni 9.8 hivi, kwa hiyo gramu 100 ni nyutoni 0.98. Ukitaka hesabu ya haraka, ichukue kuwa nyutoni 1.

Huu hapa mfano nilioupanga ili namba zisomeke vizuri. Springi yenye urefu wa sentimita 12.0 ikiwa tupu:

nyutoni 0.98 – urefu 15.9, urefuko 3.9
nyutoni 1.96 – urefu 19.8, urefuko 7.8
nyutoni 2.94 – urefu 23.8, urefuko 11.8
nyutoni 3.92 – urefu 27.7, urefuko 15.7
nyutoni 4.90 – urefu 31.6, urefuko 19.6

Angalia namba ya katikati na ya mwisho katika kila mstari. Urefu ni kile rula inachosoma. Urefuko ni kile kilichoongezeka, yaani urefu wa sasa ukitoa 12.0. Kani ilipozidishwa mara tano, urefu wote haukuongezeka mara tano, haukufika hata mara mbili. Urefuko ndio ulioongezeka mara tano. Katika makosa yote ya jaribio hili, kutumia urefu mahali pa urefuko ndilo linalojirudia zaidi. Toa 12.0 kwanza, kabla ya hesabu nyingine yoyote.

Uhusiano huu ndio kanuni ya Hooke. Robert Hooke wa Uingereza aliutangaza mwaka 1676 kwa namna ya fumbo la herufi, ceiiinosssttuv, ili asinyang'anywe ugunduzi wake akiwa bado anaufanyia kazi. Mwaka 1678 akalifumbua kwa Kilatini: ut tensio, sic vis, yaani kama mvutiko ulivyo, ndivyo na kani ilivyo. Kwa hesabu tunaandika F = kx, ambapo F ni kani, x ni urefuko, na k ni ugumu wa springi.

Kwa springi yetu, nyutoni 4.90 gawanya kwa mita 0.196 ni 25. Ugumu wake ni nyutoni 25 kwa mita. Geuza sentimita ziwe mita kabla ya kugawanya, la sivyo utapata 0.25, ambayo ni sahihi kwa nyutoni kwa sentimita lakini itakuharibia kila hesabu ya nishati itakayofuata.

Grafu

Kani kwenye mhimili wa wima, urefuko kwenye ulalo. Ukipanga hivyo, mwinamo wa mstari ndio k yenyewe. Ukigeuza, mwinamo unakuwa 1 gawanya kwa k, na vitabu vingine hupanga hivyo, kwa hiyo angalia mihimili kabla ya kusoma mwinamo wa grafu ya mtu mwingine.

Weka alama za kuongeza mzigo kwa nukta na za kupunguza kwa misalaba midogo. Chora mstari mmoja mnyoofu unaopita katikati ya alama, si mstari wa kuunganisha alama moja hadi nyingine. Ili kupata mwinamo tumia pembetatu kubwa, inayochukua zaidi ya nusu ya mstari.

Pengine mstari wako hautapita kwenye sifuri. Utaona kwamba kwa mzigo wa kwanza springi haikusogea au ilisogea kidogo sana, kisha ikaanza kutii. Hukukosea. Springi nyingi za kuvuta zinatengenezwa duara zake zikiwa zimebanana, zinasukumana hata bila mzigo. Lazima kani kwanza ishinde mbano huo ndipo duara zianze kuachana. Kuanzia hapo mstari unanyooka, na mwinamo wake bado ni k. Iandike kani ambayo springi ilianzia kufunguka, kwa sababu utaihitaji ukitaka kuitumia springi hiyo kupimia vitu.

Kutafuta kikomo

Kwa sehemu hii toa sadaka springi ya zamani, kwa sababu haitarudi kuwa ilivyokuwa. Ongeza mzigo kama awali, lakini sasa kila baada ya kuongeza, ondoa mzigo wote na usome urefu wa springi tupu. Kisha rudisha mzigo wote na uongeze mwingine. Ni kazi ya kuchosha, naomba usiifupishe. Kwenye grafu utaona mstari ukianza kuinama kuelekea upande wa urefuko, yaani springi inalegea. Hicho ni kikomo cha mstari mnyoofu. Lakini mstari ulioinama hauthibitishi kwamba springi imeharibika. Kinachothibitisha ni ule urefu wa springi tupu. Siku zote ulikuwa 12.0, ghafla unasoma 12.3, na ukisubiri unabaki 12.3. Umevuka kikomo cha unyumbufu.

Vikomo hivi viwili huwa karibu sana katika springi za chuma, na ndiyo maana watu huvichanganya. Kwenye raba, kama tutakavyoona, mstari huacha kunyooka mapema sana huku kitu chenyewe bado kinarudi.

Kilichotokea ndani ya chuma ni hiki. Kabla ya kikomo, atomi zilisogezwa kidogo kutoka kwenye nafasi zao, kila moja ikiendelea kuvutana na jirani zake walewale. Kani ikiondoka, zinarudi. Baada ya kikomo, safu za atomi zimeteleza juu ya safu nyingine na kupata majirani wapya. Hakuna kinachozivuta zirudi kwa wale wa zamani.

Kuhakiki k kwa saa

Jibu lililopatikana kwa njia moja tu linahitaji shahidi. Ning'iniza gramu 400 kwenye springi nzima, siyo ile uliyoivusha kikomo. Vuta mzigo chini sentimita 2, uachie, uache ucheze juu na chini. Hesabu mara 20, ukihesabu moja kila mzigo unaporudi chini kabisa, na upime muda wote kwa saa ya simu. Anza kuhesabu kwa sifuri, siyo kwa moja. Kosa hilo dogo linakula asilimia 5 ya muda wa kila mchezo, na k inapanda kwa asilimia 11 hivi.

Muda wa mchezo mmoja, T, unategemea tungamo na ugumu: k = 39.5 × tungamo ÷ T². Namba 39.5 ni mara nne ya mraba wa pai. Kwa springi ya mfano, mara 20 zinachukua sekunde 15.9, kwa hiyo T ni 0.795. Mraba wake ni 0.632. Zidisha 39.5 kwa kilo 0.4, gawanya kwa 0.632, unapata 25. Shahidi amekubaliana na rula, ingawa hakuipima springi kwa rula hata mara moja. Kama springi yako ni nzito, ongeza theluthi moja ya tungamo lake kwenye tungamo la mzigo kabla ya kuhesabu, kwa sababu springi nayo inacheza, ncha ya chini sana na ncha ya juu haba.

Springi mbili

Kabla ya kupima, andika utabiri wako kwenye karatasi. Ukifunga springi mbili zinazofanana moja chini ya nyingine, mzigo uleule utaleta urefuko kiasi gani? Kila springi inabeba mzigo wote, kwa hiyo kila moja inarefuka kama ingekuwa peke yake, na jumla ni mara mbili. Ugumu wa pamoja umekuwa nusu. Ukizipanga bega kwa bega, kila moja inabeba nusu ya mzigo na inarefuka nusu, na ugumu wa pamoja umekuwa mara mbili.

Kutokana na hilo utajua bila kupima kwamba springi ikikatwa katikati, kila kipande ni kigumu mara mbili kuliko springi nzima. Wanaokata springi ili ziwe fupi huwa hawategemei hilo. Unene wa waya nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani: waya ukiwa mnene mara mbili, ukubwa wa duara na idadi yake vikibaki vilevile, ugumu unazidi mara 16. Duara zikiwa pana mara mbili, ugumu unashuka hadi moja ya nane.

Raba: hapa kurudi kunasimulia zaidi

Sasa toa springi, weka raba bendi, ule mpira mwembamba wa duara wa kufungia vitu. Kwanza uvute na kuuachia mara tano au sita kwa mkono, kwa sababu raba mpya huwa ngumu zaidi katika mvuto wa kwanza kuliko inayofuata. Kisha rudia hatua zilezile: ongeza, soma, punguza, soma.

Grafu haitakuwa mstari mnyoofu. Mwanzoni raba inakaza kidogo, kisha inalegea na kurefuka sana kwa kila mzigo, na karibu na mwisho inakaza tena kwa nguvu. Kanuni ya Hooke haimfai mpira, ila kwa mivuto midogo sana. Lakini angalia misalaba yako ya kupunguza mzigo. Haiko juu ya nukta za kuongeza. Kwa mzigo uleule, raba inayorudi ni ndefu kuliko ilivyokuwa ikienda. Mistari miwili inaachana katikati na kukutana tena kwenye ncha, ikifanya umbo kama jani jembamba.

Jani hilo lina maana. Eneo lililo chini ya mstari wa kani na urefuko ni kazi uliyoifanya kuvuta. Kwa springi eneo hilo ni pembetatu, ndiyo maana nishati yake ni nusu ya k mara mraba wa urefuko: springi yetu ikivutwa sentimita 10 inahifadhi jouli 0.125, ikivutwa sentimita 20 inahifadhi 0.5, mara nne na siyo mara mbili. Ikirudi, inakurudishia karibu yote. Raba hairudishi yote. Eneo la jani ndilo lililopotea, limekuwa joto. Asiyepima kurudi hawezi kuliona jani hilo kabisa. Kwake raba ni springi yenye mstari uliopinda tu.

Joto la raba unaweza kulihisi mwenyewe. Gusisha raba pana kwenye mdomo, ivute haraka, iguse tena: imepata uvuguvugu. Ishike ikiwa imevutwa kwa nusu dakika ipoe, kisha iachie irudi haraka na uiguse: imepoa kuliko mdomo. John Gough wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1805, naye James Joule akalipima kwa uangalifu na kuchapisha matokeo mwaka 1859. Gough alikuwa kipofu, na mdomo wake ulimtosha kama kipimajoto.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo, na huu hushangaza kila nikiuonyesha. Ning'iniza mzigo kwenye raba, ikivutika vizuri, kisha ipulizie hewa ya moto ya kikaushio cha nywele. Vitu vingi hutanuka vikipashwa joto. Raba iliyovutwa hujikunja na kuunyanyua mzigo. Ndani ya raba kuna molekuli ndefu kama nyuzi zilizojisokota ovyo. Ukivuta, unazinyoosha, joto linazitikisa, na nyuzi zinazotikiswa hutaka kurudi kwenye msokotano wao. Kani ya raba inatoka kwenye mtikisiko huo, tofauti kabisa na chuma ambacho kani yake inatoka kwenye atomi zilizosogezwa.

Ukiwa na muda, kata utepe mwembamba wa mfuko wa plastiki uujaribu pia. Utavutika, hautarudi, na mchezo umeisha.

Vitu vigumu navyo vinanyumbuka

Meza inayobeba kitabu imepinda, ila huoni. Waya wa chuma wenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita 1 ya mraba, ukiuning'inizia kani ya nyutoni 100, utarefuka nusu milimita. Na ukiondoa mzigo utarudi. Hesabu hiyo inatokana na ugumu wa chuma chenyewe, kama pascal (nyutoni kwa mita ya mraba) bilioni 200, ambao hautegemei umbo la kitu. Hapa ndipo ugumu wa springi unapotofautiana na ugumu wa maada yenyewe: k ni ya springi hii moja, yenye duara hizi na waya huu.

Njia rahisi ya kuona umbo linavyotawala ni rula ya plastiki kwenye ukingo wa meza. Ibane, itokeze sentimita 10, weka mzigo mdogo kwenye ncha, upime ncha imeshuka kiasi gani. Itokeze sentimita 20 na mzigo uleule. Haitashuka mara mbili, itashuka mara nane hivi, alimradi mpindo bado ni mdogo. Kisha isimamishe rula kwa ubavu wake badala ya kulala. Kama upana wake ni mara kumi ya unene, sasa ni ngumu mara 100 kuliko ilivyokuwa imelala. Ndiyo sababu boriti za paa huwekwa zikisimama kwa ubavu.

Kuifanya springi kuwa mizani

Ukishajua k na kikomo, unayo mizani. Bandika karatasi nyeupe nyuma ya springi badala ya rula. Chora alama ya sifuri pini ilipo bila mzigo, kisha alama za nyutoni 1, 2, 3 na kuendelea kwa kutumia mawe ya mizani, na ugawe kila nafasi katika sehemu kumi sawa. Kugawa sawa kunaruhusiwa kwa sababu mstari wako ulinyooka. Kwa raba usingeweza. Kama springi yako ilikuwa ile yenye duara zilizobanana, anza alama pale ilipofungukia, siyo sifuri.

Kumbuka mizani hii inapima uzito, yaani kani. Ikipelekwa mwezini, kitu kilekile kitasoma kama moja ya sita ya hapa, ingawa tungamo lake halikupungua hata gramu.

Chora mstari mwekundu kwenye karatasi kabla ya kikomo cha unyumbufu, ukiacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya mtu atakayeweka mzigo kwa ghafla. Na kila unapoanza kupima, kabla ya kuning'iniza chochote, angalia kama pini bado iko kwenye sifuri.